Hospawa tatu tu? Nilivyoisoma vibaya karatasi ya daino ya 240Z yangu

Karatasi ya pili ya daino (ile mashine ya kupima nguvu ya gari) niliikunja mara nne nikaisukumia kwenye kidroo cha dashibodi, sikutaka hata kuiona. Wiki sita za kuchafuka mikono, kabureta tatu za Weber, manifoldi mpya, waya wa akselereta ambao nimeufunga na kuufungua mpaka nikachoka, alafu mashine inaniambia nimeongeza hospawa (nguvu za farasi) tatu. Tatu! Mwanzo ilikuwa 132 kwenye tairi, sasa 135. Nikajisemea si bora ningeiosha tu na kuipiga polishi.

Basi ikakaa humo kama wiki mbili hivi, mpaka siku moja fundi mmoja mtu mzima ambaye wote tunamwita Babu (hizi injini za Datsun za aina ya L anazijua nje ndani) akaniomba aione. Akaitandaza juu ya boneti, akavaa miwani, na kilele cha mstari wala hakukiangalia. Akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya chini, kule kwenye maandishi madogo madogo ambayo mimi sijawahi kuyasoma hata siku moja.

"Mjukuu, ile ya kwanza unayo?"

"Ninayo Babu, iko nyumbani."

"Kailete. Manake hapa unapima unga, leo kwa pishi kesho kwa kibaba, alafu unalia umepungua."

Sasa kabla sijaendelea, gari yenyewe. Ni Datsun 240Z, ile ya boneti ndefu iliyochukua Safari Rally 1971 na tena 1973, ndani ina injini yake ya kuzaliwa, L24, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, cc 2393, pistoni za upana wa mm 83 na mwendo wa mm 73.7, kemushafti moja juu, valvu mbili kila silinda. Hedi ilishachongwa kidogo kuongeza kompresheni, kemushafti ni ya kuchelewa kufunga valvu, na ekzosi ina bomba sita zinazokutana mbele. Hayo yote yalikuwepo tayari siku ya karatasi ya kwanza, wakati bado ina zile kabureta zake mbili za asili. Kati ya karatasi ya kwanza na ya pili nilichobadilisha ni kabureta na manifoldi yake tu, yani niliamini hivyo, kumbe kulikuwa na vitu vingine vimebadilika na mimi sina habari.

Nikaileta ile ya kwanza. Babu akaweka kidole: hapa pameandikwa STD. Akahamia ya pili: hapa pameandikwa SAE. Akaniangalia. Mimi kimya.

Iko hivi. Injini inakula hewa, na hewa ya leo si ya jana, ikiwa ya moto au yenye unyevu au uko juu mlimani inakuwa nyepesi na nguvu inashuka hata kama hujagusa spana. Kwa hiyo daino ina kifaa kinachopima joto, mgandamizo na unyevu wa chumba, alafu kompyuta inazidisha matokeo kwa namba fulani ili yaonekane kama gari imepimwa siku moja ya mfano. Tatizo hiyo siku ya mfano kila kiwango kina ya kwake. SAE J1349, kiwango cha wahandisi wa magari wa Marekani, inasema nyuzi 25, hewa kavu yenye mgandamizo wa kilopaskali 99. Ile ya zamani inayoandikwa STD inasema nyuzi 15.6 hivi na mgandamizo wa usawa wa bahari kabisa, hewa ya baridi na nzito, sikukuu ya injini. Gari ileile, mbio zilezile, ukibonyeza STD badala ya SAE namba inapanda karibu asilimia 4. Hamna mtu kashika bisibisi. Ni kubonyeza tu.

Chukua 132 yangu gawanya kwa 1.04 unapata 127 hivi. Kumbe sijaongeza tatu, nimeongeza nane. Nilitaka kumkumbatia yule mzee.

Na hapohapo nikaanza kuchunguza hiyo namba ya kuzidishia yenyewe, manake kwenye karatasi huwa inaandikwa, mara nyingi ni kitu kama 1.02 au 0.99. Ikiwa hapo katikati lala usingizi. Lakini hiyo SAE yenyewe imejiwekea mpaka, kwamba ikishavuka asilimia 7 juu au chini basi kipimo hakihesabiki kama halali. Sasa fikiria daino iko mita 1500 juu ya usawa wa bahari, hewa huko ni hektopaskali 845 hivi, ukitoa unyevu baki 830, ukiiingiza kwenye fomula unapata kama 1.22, yani gari imetoa 110 za kweli karatasi inaandika 134. Siyo uongo lakini siyo ukweli wa kujivunia pia, na kwa gari ya kabureta ndo mbaya zaidi, kwa sababu kabureta ukiipandisha juu hewa inapungua kuliko mafuta yanavyopungua, mchanganyiko unanona, injini inapoteza nguvu kwa ule unono, na fomula haijui chochote kuhusu jeti zako (vile vitundu vya kupitishia petroli). Fomula inajua hewa tu.

Kuna na ile ya kipima joto kuwekwa vibaya. Kikiwa kimening'inia karibu na ekzosi au nyuma ya rejeta kinasoma nyuzi 45 wakati injini inavuta hewa ya nyuzi 25, basi kompyuta inakuonea huruma na kukuongezea karibu asilimia 4 za bure. Sisemi watu wanafanya makusudi. Nasema tu mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na gereji ikisifiwa kwa namba kubwa... basi.

Tukirudi kwenye 240Z, kuna kitu kingine kinasumbua wengi na mimi kilinisumbua. Kitabu cha gari kwa soko la Marekani kinasema hospawa 151 kwa mizunguko 5600 kwa dakika. Mimi nimeboresha injini na nina 127, je nimeiharibu? Hapana bwana. Ile 151 ni ya kipimo cha zamani cha SAE, kinachoitwa cha jumla, injini iko peke yake kwenye stendi, haina mafla ya gari, haizungushi mazagazaga yake yote, taimingi (wakati wa cheche kuwaka) imewekwa pazuri kabisa, na inapimwa kwenye krankishafti. Marekani walikiacha na kuhamia kipimo cha nguvu halisi (net), injini ikiwa na mazagazaga yake, kwenye magari ya mwaka 1972, na ndo maana ukisoma vitabu vya miaka hiyo unaona injini ileile imeporomoka nguvu ndani ya mwaka mmoja kama iliyorogwa. Yangu imepimwa kwenye tairi, nyuma ya giaboksi, propela shafti, difu na raba. Hizo namba mbili hazijuani.

Hapa ndo wanapoingia wale wa "gawanya kwa 0.85 upate ya krankishafti." Jamani. Chukua 143 (nitafika kwenye 143, subiri) ukigawanya kwa 0.85 unapata 168, mwenzako akisema difu za zamani zinakula asilimia 20 unagawanya kwa 0.80 unapata karibu 179. Hospawa 11 zimezaliwa mdomoni! Upotevu wenyewe wala siyo asilimia isiyobadilika, sehemu yake iko palepale hata ukiongeza nguvu, sehemu inakua na mzigo, sehemu inategemea oili ya difu imepata moto kiasi gani, na tairi imefungwaje. Mimi siku hizi mtu akiniuliza ina hospawa ngapi namjibu "143 kwenye tairi, SAE" na naishia hapo, akitaka kuzidisha azidishe mwenyewe.

Mashine nayo ina tabia zake. Hii yetu ni ya ngoma nzito, Dynojet, haina breki, inachofanya ni kupima ngoma ya uzito unaojulikana inachangamka kwa kasi gani, na kutoka hapo inapiga hesabu ya nguvu. Zile zenye breki ya umeme kama Mustang zinaweza kuishikilia injini pale pale kwenye mizunguko 3500 ukaitune taratibu, na mara nyingi zinasoma chini kuliko za ngoma. Kuna na zile za kuvua tairi unafunga mashine moja kwa moja kwenye habu, kama Dynapack, hizo tairi kuteleza hakupo tena. Ipi inasema kweli? Swali lenyewe halina maana, chagua moja ukae nayo. Gari yangu nikiipeleka kwenye mashine nyingine nikapata 130 sijapoteza kitu, nimebadilisha mzani tu.

Ila mashine ya ngoma ina utani mmoja ambao lazima uujue. Ukipunguza uzito wa flaiwili itakuonyesha "nguvu zaidi", kwa sababu wakati injini inapanda mizunguko sehemu ya nguvu yake inakwenda kuichangamsha flaiwili yenyewe, ukiifanya nyepesi kinachobaki kwenda kwenye ngoma kinaongezeka. Barabarani kwenye gia ndogo utaisikia kweli, lakini injini haijaongeza hata punje ya kazi inayofanya ndani ya silinda. Na kinyume chake ndo kile kilichonipata: kwenye karatasi ya pili jamaa alipima kwa gia ya tatu badala ya nne. Kwenye gia ya tatu injini inapanda haraka zaidi, inakula zaidi kwenye kujichangamsha yenyewe, na namba inashuka. Gia ya nne kwenye giaboksi hii ni ya moja kwa moja, yani 1:1, ndo ya kupimia. Nilijuaje? Kasi ya kilomita kwa saa imeandikwa chini ya mchoro, gawanya kwa mizunguko utaona uwiano haufanani na wa karatasi ya kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale siku hiyo naangalia moshi.

Mikanda ya kufungia gari pia, ukiikaza sana tairi inabonyea kwenye ngoma na inakula nguvu, na upepo wa tairi ukiwa chini hivyohivyo. Siku hizi najaza upepo uleule kila mara na naandika kwenye daftari. Na napiga mbio tatu, siyo moja, ya kwanza huwa oili bado, ya tatu boneti imeshapata joto na kabureta zinaanza kuchemsha petroli, tofauti ya hospawa moja na nusu kati ya mbio na mbio ni kelele tu, hamna cha kusherehekea.

Haya, sasa umbo. Hapa ndo kwenye utamu wenyewe.

Nikiwa na karatasi zote mbili juu ya boneti, Babu akachukua kalamu akapiga mstari wa wima kwenye mizunguko 3000 na mwingine kwenye 3700. Kwenye karatasi ya kabureta za zamani toki (nguvu ya kuzungusha, inapimwa kwa Nm) ilikuwa inapanda taratibu kama mtu anayepanda kilima, ikafika kilele cha Nm 178 kwenye 4300. Kwenye ya Weber ilikuwa inapanda, alafu inaingia shimoni pale 3000, inatambaa chini huko, inatoka 3700 kwa kurukaruka, alafu ndo inaanza kukimbia na kuipita ya zamani kuanzia 4800. Ndo maana mjini gari ilikuwa inanichosha! Nilikuwa nasema ni mimi sijaizoea. Shimo lilikuwa limechorwa pale na mimi nimekazana kusoma namba moja ya juu kulia.

Chini ya toki kuna mstari wa tatu ambao watu wengi hawauangalii, wa mchanganyiko wa hewa na petroli. Petroli ikiungua kikamilifu bila kubaki kitu inataka hewa 14.7 kwa mafuta 1 kwa uzito, lakini ukikanyaga mpaka chini kutafuta nguvu unataka kati ya 12.5 na 13 hivi, mafuta yazidi kidogo. Juu ya hapo mchanganyiko umekonda, chini ya hapo umenona. Wangu kwenye shimo ulikuwa unagonga 15.5, umekonda mbavu nje, na kule juu kuanzia 5500 ulikuwa 11.2, mnene wa kutoa moshi mweusi.

Weber za DCOE zina njia mbili za kulisha, mwanzoni unakula kutoka jeti ya sailensi (ya mizunguko ya chini) kupitia matundu madogo karibu na kile kipepeo, baadaye hewa ikipata kasi ndo jeti kuu inaanza kutoa kupitia emulsheni tyubu (kibomba cha kuchanganya petroli na hewa). Katikati kuna makabidhiano, na kama jeti ya sailensi ni ndogo inaishiwa pumzi kabla jeti kuu haijaamka, hapo ndo shimo linapozaliwa. Wengi wakiona shimo wanakimbilia kuongeza jeti kuu, mimi mwenyewe ndo nilitaka kufanya hivyo, alafu ule unono wa juu ungekuwa balaa. Tukaongeza jeti ya sailensi kutoka 50 kwenda 55. Shimo likafunikwa zaidi ya nusu.

Kule juu tukaacha jeti kuu kama ilivyo tukagusa jeti ya hewa, manake jeti ya hewa ndo inayozidi kufanya kazi mizunguko inavyopanda, ukiikuza unakondesha juu bila kusumbua sana katikati. Tukaenda hatua kwa hatua, mbio, karatasi, mbio, karatasi, mpaka 11.2 ikawa 12.7. Kila mara kitu kimoja tu kinabadilishwa, Babu alikuwa mkali kwenye hilo, nikitaka kugusa na taimingi hapohapo ananipiga kofi la mkono.

Ila tahadhari na huo mstari wa mchanganyiko, unadanganya kwa namna tatu ninazozijua. Ekzosi ikivuja popote kabla ya kile kisoma-moshi inavuta hewa ya nje na inakuonyesha umekonda wakati uko sawa. Kemushafti inayoacha valvu wazi muda mrefu kama yangu kwenye mizunguko ya chini inaruhusu hewa mbichi ipite moja kwa moja kutoka mlango wa kuingilia kwenda wa kutokea, kisoma-moshi kinaona oksijeni kinapiga kelele "imekonda!" Na ya tatu ndo iliyonimaliza, misi. Silinda ikimisi haichomi kitu, oksijeni yote inatoka nzima nzima, kifaa kinasoma imekonda, wewe unaongeza mafuta, inamisi zaidi kwa sababu plagi sasa zimelowa, unaongeza tena. Mtu anaweza kuzunguka humo wiki nzima. Na ukumbuke kifaa kiko mwisho wa bomba kinasoma wastani wa silinda sita, ukiwa na kabureta tatu zenye makoo sita kila koo ni nchi huru, moja inaweza kuwa inakaribia kuyeyusha pistoni na nyingine inakunywa petroli na wastani ukasoma 12.8 safi kabisa. Kwa hiyo baada ya mbio unazima injini palepale, unachomoa plagi zote sita unazipanga kwa mfuatano kwenye kitambaa. Silinda ya tano yangu ilikuwa nyeupe kuliko wenzake. Ilikuwa gasketi ya manifoldi inavuta hewa pembeni, milimita chache tu.

Turudi kwenye misi, manake hiyo sikuiona kwenye karatasi kabisa, na sababu yake inaudhi. Programu ya daino ina kitu cha kulainisha mistari, kwenye hii unachagua kuanzia 0 mpaka 5, na karatasi zangu zote zilichapwa kwa 5. Mstari umelainishwa mpaka unang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Nikamwomba jamaa wa mashine afungue faili lilelile la zamani aweke 0. Looh. Kuanzia 5400 mstari ulikuwa na meno kama msumeno. Kila jino ni silinda imekosa cheche. Ile laini ilikuwa imechukua wastani wa meno yote na kuniambia injini "inachoka taratibu", kumbe haichoki, inakatikakatika.

Hapo kuna utambuzi mmoja mzuri sana wa toki inayoporomoka juu, nauandika kwa sababu natamani ningeujua mapema. Toki ikianguka huku mchanganyiko unakonda taratibu kadiri mizunguko inavyopanda, hiyo ni njaa ya mafuta, pampu haiwezi au bakuli la floti linakauka, Weber hizi zinataka psi 3 mpaka 3.5 tu lakini zinataka ujazo wa kutosha. Ikianguka ghafla kama imedondoka ngazini na inarudia mzunguko uleule kila mbio, fikiria springi za valvu, valvu zinashindwa kufunga kwa wakati. Ikianguka polepole na kila kitu kingine kimetulia, mchanganyiko sawa, hamna meno, basi ni upumuaji, injini imefika mwisho wa kemushafti na hedi yake, hapo huna ugonjwa wa kutibu. Na ikiwa na meno, moto wa plagi. Yangu ilikuwa pointi za distributa, springi yake imelegea, kwenye mizunguko mikubwa zinadunda badala ya kufunga, pamoja na waya mmoja wa plagi uliozeeka. Taimingi tukaisogeza digrii tatu mbele, jumla 35 ukikanyaga yote, toki ikapanda. Tukajaribu mbili zaidi ikakaa palepale haikuongezeka, tukarudi. Hiyo nayo ni kusoma daino, ukiongeza taimingi na mashine haikulipi kitu, kinachobaki ni hatari ya injini kugonga, usiiache pale.

Kuhusu toki, jambo dogo la kihesabu. Nguvu na toki siyo vitu viwili, ni kimoja kimezidishwa na mizunguko. Kwenye karatasi za hospawa na futi-pauni mistari miwili lazima ikutane kwenye 5252, kwa Nm na hospawa inakutana 7121, kama skeli ni moja. Toki yangu Nm 178 kwenye 4300, zidisha gawanya kwa 7121 unapata 107, angalia mstari wa nguvu pale 4300, uko 107, safi. Isipolingana kuna mtu kachezea skeli. Na kwenye mashine ya ngoma, nguvu inatoka kwenye ngoma lakini toki ya injini inahitaji mashine ijue mizunguko, inaisoma kwa klipu kwenye waya wa plagi, klipu ikisoma vibaya nguvu inabaki sahihi na toki inakuwa hadithi ya kubuni. Mtu akikuonyesha L24 yenye toki ya kutisha na nguvu ya kawaida, mwulize klipu ilikuwa wapi.

Namna nyingine ya kupima kama unadanganywa, chukua toki igawe kwa lita za injini. Injini ya zamani ya valvu mbili isiyo na tabo, iliyotengenezwa vizuri kwa barabara, ikifika Nm 85 mpaka 90 kwa lita kwenye krankishafti imefanya kazi nzuri sana. Ukivuka 103 hivi unaongelea mgandamizo wa wastani wa baa 13 kwenye pistoni, eneo la injini za mashindano. Kuna jamaa aliniletea karatasi ya gari ya mtaani yenye Nm 115 kwa lita kwenye tairi, kabureta, mafuta ya kawaida. Nilimpongeza tu, ningesema nini.

Karatasi ya tatu basi. SAE, gia ya nne, kulainisha 0, upepo wa tairi uleule. Hospawa 143 kwenye 6200, toki Nm 180 kwenye 4600. Kilele cha toki kimezidi cha zamani kwa Nm mbili tu, na ukikumbuka 178 ile ilikuwa ya STD, kwa SAE ni 171, kwa hiyo tisa kweli. Lakini nilichofanya safari hii ni kuweka mistari ya karatasi ya kwanza na ya tatu juu ya kioo cha dirisha na kufuata kwa penseli. Nikibadili gia kwenye 6500 injini inaangukia karibu 5000, kwa hiyo nikikimbia kweli kweli naishi kati ya hapo, chini ya hapo ni mjini. Kati ya 5000 na 6500 mstari mpya uko juu muda wote, na pengo linazidi kukua. Na kwa nini nabadili 6500 wakati kilele kiko 6200? Kwa sababu hata baada ya kilele, toki inayofika kwenye tairi kwa gia niliyopo bado ni kubwa kuliko nitakayopata nikihamia gia inayofuata. Zamani nilikuwa nabadili 5700 kamili, kwenye kilele, kwa heshima zote.

Chini ya 3000 mpya imepoteza kidogo, kama Nm nne au tano, na hiyo nimeikubali, makoo makubwa yanapunguza kasi ya hewa, huwezi kupata vyote.

Shimo halijaisha lote. Bado kuna kabonde kadogo kati ya 3200 na 3500, ukiendesha hukasikii, kwenye mstari usiolainishwa kako pale kananiangalia. Babu anasema ni emulsheni tyubu, mimi nahisi ni kimo cha floti manake kabureta ya katikati nilipoipima ilikuwa juu kwa milimita moja na nusu kuliko wenzake. Tumekubaliana kuanza na floti kwa kuwa haihitaji kununua kitu, alafu tunarudi kwenye ngoma.